Jina Langu Redioni Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Shangazi kaniita jikoni asubuhi. Akikuita sebuleni ni mazungumzo, akikuita jikoni ni hukumu. Kasema anakitaka chumba chake. Nikauliza chumba kipi. Kasema nyumba hii ina chumba kimoja tu ambacho magodoro yake yamesimama.

Ni kweli yamesimama. Magodoro matatu, kila moja na ukuta wake, na ukuta wa nne nimeubandika trei za mayai. Kabati la nguo nimelitoa rafu, nimelivisha blanketi kwa ndani, na kipaza sauti kinaning'inia pale palipokuwa na magauni yake. Hiyo ndiyo studio. Watu wakubwa wameanzia pabaya zaidi, ingawa kwa sasa simkumbuki hata mmoja.

Malalamiko yake: wiki iliyopita mdogo wake alikuja kututembelea, akalala kwenye mkeka, na mgongo haujamnyooka hadi leo. Cherehani inakaa kwenye ujia, kila apitaye anaigonga kwa goti. Na muziki wangu, kwa masikio yake, ni mtu mwenye hasira anayegombana na ngoma. Nikamweleza kwamba hiyo ni hip hop na ina elimu yake. Kasema elimu anaijua. Shangazi ni matroni mstaafu. Alikuwa akiamsha bweni zima la wasichana kwa mdomo, bila kengele.

Tumefikia mapatano. Asikie jina langu redioni kabla ya Jumamosi, mara moja tu, jina la kuzaliwa au la kujipachika, hajali. Akilisikia, chumba ni changu. Asipolisikia, magodoro yanarudi kulala. Nikasema sawa, ajiandae kumsikia Daktari wa Midundo. Kasema hilo refu, akaniita lile la utotoni, ambalo sitaliandika hata humu.

Bahati haijanitupa. Chuma Baridi, rapa anayeogopwa kuliko wote mtaani, anakuja Jumatano kurekodi. Mtangazaji wa kipindi cha Ijumaa mchana kamwambia atume wimbo mpya, mwisho Alhamisi saa sita. Ukivuma, albamu nzima tunaifanyia humu. Usipovuma, ataipeleka ng'ambo ya barabara kwa Sikio la Dhahabu.

Huyo Sikio la Dhahabu simwonei wivu. Studio yake iko juu ya kinyozi. Ina kiyoyozi, na mlango wake mzito kama wa benki. Nimeviona kwa bahati tu, mara kadhaa.


Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Mpango umekamilika. Nashangaa sikuufikiria zamani.

Prodyuza mwenye akili huweka sahihi ya sauti kwenye biti zake. Wimbo unaanza, sauti inataja jina la mtengenezaji, hata mtangazaji asipotaka kulitaja limeshatajwa. Sikio la Dhahabu anayo. Kioo kinavunjika, kisha mwanamke ananong'ona "Sikio". Watoto wa mtaa huu wanaiigiza wakidondosha vitu. Juzi binamu yangu aliangusha sufuria, na chumba kizima kikanong'ona "Sikio" mbele yangu.

Yangu itakuwa: "Daktari yuko kazini." Nzito. Ya kutisha kidogo.

Tatizo ni sauti yangu. Nje ya kipaza sauti ni sauti ya mwanamume kamili. Ndani yake ni ya mtu mwenye mafua anayeomba radhi. Nimejaribu alfajiri kabla ya kunywa maji, kwa kuwa koo likikauka huwa zito. Ikawa mafua yaleyale, ila yamekauka. Nikaishusha kwa kompyuta. Ikasikika kama friji inayonguruma.

Ndipo nikakumbuka ndoo. Ndoo ina mwangwi. Nikaingiza kichwa na kipaza sauti kwa pamoja, nikasema kwa utulivu. Ajabu ya sauti. Nikarudia mara nyingi, kila moja bora kuliko iliyotangulia, mpaka nikasikia kitu kinagonga ndoo kwa nje. Alikuwa shangazi na fimbo ya deki. Kasema ndoo ile ni ya kupigia deki choo, na kama daktari yuko kazini basi kazi inamsubiri. Nimepiga deki.

Sahihi nimeshaiweka kwenye biti. Mwanzoni, kabla ya kila ubeti, baada ya kila ubeti, na katikati pale ambapo mtu angeweza kusahau. Shangazi kapita akasikia, akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeutunga msemo huo hajawahi kupeleka wimbo redioni.


Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Siku ya kurekodi. Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Chuma Baridi kaingia na koti la ngozi, miwani myeusi na ukimya. Mtu mkubwa. Nilipomweleza kwamba rekodi inafanyika kabatini, alilipima kabati kwa macho, kisha akainama akaingia. Mlango haukufunga. Miguu ilibaki nje, ikabidi na mlango wa chumba niuache wazi ili asikose hewa.

Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili blanketi lilimwangukia, akapiga ubeti mzima akiwa amefunikwa, na sikuthubutu kumkatisha. Mara ya tatu, sijapata kusikia kitu kama kile. Nywele zilinisimama. Kafika pale pa kilele:

"Nikipita barabarani mbwa huacha kubweka,
Hakuna wa kuniuliza, hakuna wa kunicheka."

Hapo biti inakata. Kimya. Nimekitengeneza mwenyewe kile kimya, nimekifanyia kazi siku mbili, ni kimya cha kumfanya msikilizaji ashike kiti. Na ndani ya kimya hicho, kutoka jikoni, kwa sauti ile ya bweni zima, shangazi kauliza:

"Vyombo umeosha?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Vyombo vya chai, zamu yangu. Lakini kabla sijafungua kinywa, kutoka ndani ya kabati ikatoka sauti ndogo, ya adabu, ya mtoto wa darasa la pili:

"Bado, mama."

Chuma Baridi mwenyewe. Imemtoka tu. Kisha biti ikarudi na yeye akarudi nayo, akamaliza ubeti wote kwa ghadhabu ambayo sasa naielewa.

Alipotoka kabatini alikuwa amevua miwani. Kanieleza taratibu kwamba mama yake alikuwa na sauti ya aina ileile, na mdomo ulijibu wenyewe. Kisha akanieleza, taratibu zaidi, kwamba sehemu ile ikitoka nje ya chumba hiki, mimi nitatoka nje ya mtaa huu. Nimemwapia. Tulitaka kurudia, lakini koo lilikuwa limekwisha. Hiyo ya tatu ndiyo tuliyonayo.

Wakati anaondoka shangazi alimkuta mlangoni, akamwambia kwa kuwa amekiri hajaosha, basi sinki liko pale. Nilidhani nyumba itaanguka. Chuma Baridi kakunja mikono ya koti akaosha, mimi nikasuuza. Anaosha vizuri sana.


Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Siku ya ushindi, pamoja na nywele.

Nimeamka mapema kumwondoa shangazi kwenye wimbo. Si kazi ya mchezo. Sauti yake imejikita kwenye rekodi kama doa la mafuta kwenye shati. Ili nione vizuri inaanzia wapi na kuishia wapi, nilizima kwanza sahihi zangu zote, zisinichanganye, kisha nikampandisha shangazi juu kabisa, yeye na lile jibu. Kufikia hapo nilihifadhi faili na kuliita MWISHO WA MWISHO. Usiku wa jana nilikuwa nimehifadhi MWISHO, na baadaye kidogo MWISHO KWELI. Mtu wa fani hii asiyehifadhi kazi yake atalia na kusaga meno.

Kisha nikamkata. Safi, kama hakuwahi kuzaliwa. Pale alipokuwa pamebaki shimo, nikaliziba kwa sahihi yangu. "Hakuna wa kunicheka." Kimya. "Daktari yuko kazini." Nilitokwa na machozi. Hilo nimeliita MWISHO KABISA.

Muda ulikuwa umebaki mwingi. Hapo ndipo nilipopata wazo la kwenda kumchunguza adui. Nilikaa kwa kinyozi, nikaagiza nywele zote zitoke, polepole, huku sikio langu likiwa darini. Besi ya Sikio la Dhahabu inatua kupitia pale dari ilipopasuka. Nzuri, lakini haina roho. Nilitaka kusikia kama anaandaa kitu kwa ajili ya Ijumaa. Nikamuuliza kinyozi kwa mzunguko, nikamsifia mkasi, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kasema yeye hukata nywele tu, ila kama nina haraka niangalie saa, maana saa sita inakaribia.

Nikaondoka na upande mmoja. Kinyozi kaniita mpaka kwenye kona. Nimekimbia barabara nzima nikiwa na shuka lake shingoni na nusu ya kichwa, watu wananipisha. Nimefika, nimekaa, nimeambatisha, nimetuma. Dakika mbili kabla ya muda.

Shangazi kauliza nimetuma lipi, maana ananisikia kila siku nikisema huu ndio wa mwisho. Nimemwambia nimetuma ule wa mwisho. Kasema si yote ni ya mwisho? Hawezi kuelewa mambo ya kompyuta.


Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Sina hamu. Naandika kwa sababu kesho chumba hiki hakitakuwa na meza.

Shangazi aliweka redio juu ya meza ya jikoni na kuvaa miwani, kwa kuwa anadai bila miwani hasikii vizuri. Chuma Baridi kaja na koti lake. Binamu kaja na jirani. Mimi nilikuwa na kofia, kwa sababu za jana.

Mtangazaji kasema sasa ni zamu ya Chuma Baridi. Biti ikaanza. Nikainua kidole ili wote wasikilize. Hapa ndipo "Daktari yuko kazini" ilipaswa kuja. Haikuja. Ubeti wa kwanza ukaanza, haikuja. Nikaanza kuhisi baridi kwenye ule upande usio na nywele. Nikajiambia labda redio yao ni mbovu.

Mbwa wakaacha kubweka. Hakuna wa kuniuliza. Hakuna wa kunicheka. Kimya. Kisha, kwa sauti ya juu kuliko kitu chochote kilichowahi kurushwa na redio ile, safi, bila kelele, kila herufi mahali pake:

"Vyombo umeosha?"

"Bado, mama."

Chuma Baridi alikaa chini. Hakukuwa na kiti. Kwenye redio mtangazaji alikuwa anacheka mpaka anakosa hewa, akasema lazima aurudishe, akaurudisha. Akasema wimbo huu kautengeneza nani hajui, hajasikia jina, lakini yule mama ni nani, jamani, yule mama apatikane.

Shangazi kavua miwani. Kasema sauti ni yake, na amejisikia vizuri. Jina langu hajalisikia.

Chuma Baridi kainuka, akajipangusa, akaniambia kwamba hatanipiga kwa sababu yuko nyumbani kwa mtu mzima. Albamu anaipeleka ng'ambo. Kafunga mlango polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angeubamiza.

Iliniuma. Sitaki kujikaza kisabuni humu, nani atasoma. Nimekaa kabatini na mlango nimeufunga. Mimi natosha kabisa humo. Siku zote nimetaka kitu kimoja tu, mtu atoe kichwa dirishani wimbo ukipigwa na kusema huyu ni fulani. Leo wametoa vichwa mtaa mzima. Wanamuulizia shangazi.

Nimeyaangalia mafaili. Nilituma MWISHO WA MWISHO. Kosa ni la wale waliotengeneza kompyuta, wanaoyapanga mafaili kwa herufi badala ya kwa nia ya mtu.


Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Asubuhi nilianza kubandua trei za mayai. Dirishani kundi la wasichana wa shule likapita, mmoja kauliza "Vyombo umeosha?" na wote wakajibu "Bado, mama" kwa sauti moja. Baada yao mwendesha baiskeli. Baada yake kinyozi, aliyekuja kudai shuka lake, akanimalizia nywele palepale mlangoni kwa huruma.

Saa nne kaja Sikio la Dhahabu. Mwenyewe, kwa miguu, viatu vinang'aa. Nikajua kaja kunicheka, nikajiandaa kwa neno kali. Kanipita. Kanipita kama mtu anavyopita kiti. Kaenda mpaka jikoni, kamwamkia shangazi shikamoo ya kuinama, akamwomba aende kurekodi kwake. Kiyoyozi, mlango mzito, chai.

Shangazi kauliza kama chumba hicho kina dirisha. Kasema hakina. Kauliza kama kina sinki. Kasema hakina. Shangazi kasema basi yeye ataulizia vyombo gani, na kumwuliza nani? Mwenye shida na sauti yake aifuate ilipo.

Kabla Sikio la Dhahabu hajatoka akaingia Chuma Baridi, anatabasamu. Ana meno mazuri, sikuwahi kuyaona. Kasema tangu jana kila mtu anamsalimia. Zamani walikuwa wanavuka barabara. Mama mmoja sokoni kamkumbatia. Anataka shangazi aulize kitu kwenye kila wimbo wa albamu. Shangazi kafikiri, akasema maswali anayo.

Basi, mkutano umefanyika jikoni bila mimi, ingawa nilikuwemo. Maazimio: studio inabaki. Godoro moja linarudi kitandani kwa ajili ya wageni. Cherehani inaingia studio. Chumba ni cha shangazi, kama kilivyokuwa, na mimi nitafanya kazi humo vyombo vikishaoshwa. Nikasema cherehani itasikika kwenye rekodi. Chuma Baridi kasema isikike.

Lakini nimeona upenyo. Redio imempigia simu, wanataka kuzungumza naye hewani Jumanne. Watamuuliza tu nani katengeneza biti. Nimemwomba alitaje jina langu. Nimemwandikia kwa herufi kubwa, nimelibandika kwenye friji: DAKTARI WA MIDUNDO. Ameahidi, na ahadi ni deni.


Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Shangazi kazungumza na redio kwa simu akiwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, amevaa gauni la sherehe. Mimi nilisimama mbele yake na ile karatasi ya friji, nimeiinua juu ya kichwa.

Kaulizwa mambo mengi. Bweni, wasichana, siri ya sauti. Kasema siri ni kuuliza kama mtu anayelijua jibu. Mtangazaji kacheka tena. Kisha likaja: biti hii mama, nani kaitengeneza? Nikaitikisa karatasi. Shangazi kaitazama. Alikuwa hajavaa miwani.

Kasema, katengeneza mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana jina lake moja la udaktari, refu, limenitoka. Sisi nyumbani tunamwita Kijiko.

Basi, limeandikwa.

Mtangazaji kauliza kwa nini Kijiko. Kasema, alipoletwa kwangu alikuwa mdogo, haongei na mtu, hali vizuri. Siku moja nikampa kijiko ale uji. Akaanza kupigia sufuria. Kapiga mpaka uji umepoa, na nilipotaka kumnyang'anya, nikasikia kumbe kina mpangilio. Nikamwacha. Sufuria zangu zote zina mabonde mpaka leo. Kelele zake za sasa sizielewi, lakini kile kimya alichokiweka pale, mtu asingeweza kukiweka kama hajui anachokifanya. Ndiyo maana nilisikika.

Kisha kafunika simu kwa kiganja, akaniambia jina limetajwa redioni, ingawa Jumamosi imeshapita, na chumba ni changu. Cherehani inabaki.

Nilikwenda kusimama uani kidogo. Vumbi lilikuwa limeniingia kwenye macho yote mawili.


Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Janga. Mtaa mzima unaniita Kijiko. Kinyozi. Wasichana wa shule. Sikio la Dhahabu kanipungia mkono kutoka dirishani, akaita "Kijiko" kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Chuma Baridi kapendekeza sahihi yangu mpya iwe kijiko kinagonga sufuria. Kila mtu atajua ni nani, kasema, kwa pigo moja. Binamu kasema ni wazo zuri sana. Shangazi kanitolea sufuria yenyewe, ile yenye bonde kubwa.

Nimekataa. Ni utoto. Sauti ya jikoni haina hadhi kwenye muziki wa maana, na walichokipenda kwenye ule wimbo ni biti, isipokuwa hawajijui. Asiyejua maana haambiwi maana, anaonyeshwa.

Nimechukua ndoo.

Wimbo wa pili wa albamu, tuliourekodi jana, redio wanautaka leo kabla ya saa sita. Nimepunguza swali la shangazi mpaka likawa mnong'ono, na juu yake nimeweka "Daktari yuko kazini", mwanzoni, katikati, mwishoni, na mara mbili pale kwenye kimya, kwa kuwa kimya kitupu ni hasara. Nimehifadhi kila hatua. Shangazi kaita kutoka jikoni, "Kijiko, vyombo?" Nikajibu bado, shangazi. Taa nyekundu ya kipaza sauti kabatini ilikuwa inawaka, lakini sidhani kama imeshika kitu.

Kuusikiliza tena wimbo ni kupoteza muda, na saa sita inakaribia. Mafaili yalikuwa manne. Nimetuma ule wa mwisho.